Mbwa Aliyemfugisha Baba Ndevu

Kaka yangu ni kinyozi, na ninaposema kinyozi sina maana ya mtu anayeshika mashine na kuipitisha kichwani mwako kama anafyeka majani. Nina maana ya kinyozi wa brashi, povu na wembe. Alifundishwa kazi na baba yetu, ambaye naye alinyoa mtaa mzima kwa miaka arobaini, mpaka watu wakasahau jina lake na kumwita Mzee Wembe. Duka ni lilelile la baba: chumba kimoja, viti viwili vya kuzunguka, kioo cha ukuta mzima chenye ufa kwenye kona ya chini, benchi la wanaosubiri, na redio isiyo na msikilizaji kwa sababu wote wanaongea. Mimi niko mlango wa pili na cherehani yangu. Kinachotutenganisha ni ukuta wa mbao, kwa hiyo hakuna linalosemwa kwa kinyozi nisilolisikia. Na mimi nikisema neno wanalisikia vizuri sana, ila hujifanya wamezama kwenye redio.

Kaka ana miaka arobaini na sita, mwili wa mbeba magunia na moyo wa maziwa. Kukataa hajui. Ukimwambia akushikie mzigo wako dakika mbili, atakaa nao mpaka jioni na atakuomba radhi kwa kuuweka juani. Lakini akishika wembe anabadilika, mkono unakuwa mwepesi na macho yanatulia. Akimaliza mteja ana jambo lake moja ambalo watu hulisubiri. Analivua lile shuka jeupe shingoni mwa mteja, anarudi nyuma hatua moja, halafu analikung'uta hewani mara moja tu: pah! Nywele zote ziko chini, shuka liko safi, na mteja anainuka kitini akiwa mtu mpya. Mkung'uto huo ni wa baba. Hakuna kinyozi mwingine anayeuweza, na mashuka nayashona mimi, kwa hiyo nadai sehemu yangu ya sifa.

Baba aliacha kazi siku mikono ilipoanza kutetemeka. Alimgusa mteja sikio kwa wembe, kidogo tu, hata damu haikufika kwenye kola. Alikunja wembe, akauweka mezani mbele ya kaka, akaja zake nyumbani kwangu, maana anaishi kwangu. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi saa nne asubuhi, huvaa kofia, huchukua mkongojo, huenda kukaa kwenye kiti cha dirishani, na kaka humnyoa. Hawaongei. Nusu saa nzima husikii kitu ila wembe. Baba akimaliza kunyolewa hupitisha kiganja shavu la kulia, la kushoto, na chini ya kidevu, akitafuta unywele uliobaki. Akiupata, anasonya. Asipoupata, anaondoka.

Ndivyo alivyomfundisha kaka kazi pia. Ukikosea, msonyo. Ukipatia, kimya. Niliwahi kumuuliza kwa nini hamsifu mwanawe hata siku moja, akanishangaa. "Nikinyamaza si maana yake iko sawa?" Kwa hiyo kaka ameishi miaka ishirini na sita akila kimya cha baba kana kwamba ni chakula. Nawapenda wote wawili, nalisema waziwazi, lakini kuna siku natamani kuwagonganisha vichwa. Hiyo nusu saa ya Jumamosi ndiyo mali pekee waliyo nayo pamoja, na mtoto wa mbwa nusura aiharibu.

Alikuja kwenye katoni ya sabuni. Mteja mmoja, dereva wa lori, mbwa wake jike alikuwa amezaa sita na akabakiwa na mmoja. Alipomweka sakafuni tu, yule mtoto akatembea moja kwa moja hadi kwenye kiatu cha kaka, akakilalia. Nimeshasema kaka hajui kukataa. Mbwa mwenyewe alikuwa wa miezi miwili, mwenye rangi ya kahawia, na mdomo wote mweupe, kama mteja aliyepakwa sabuni akaachwa hapo. Wakamwita Povu.

Wiki ya kwanza duka zima lilikuwa kwenye mapenzi. Wiki ya pili Povu akaonyesha rangi zake. Alikuwa na meno membamba kama pini zangu, na hakuna mkono alioupita bila kuuonja. Aling'ata vifundo vya miguu, akafungua kamba za viatu, akabwekea mashine ya kunyolea kila ilipowashwa. Mgeni akiingia, alimrukia magotini, na akifurahi kupita kiasi alikojoa papo hapo, juu ya kiatu cha aliyemfurahia. Kaka akienda dukani kununua betri, Povu alilia mlangoni kwa sauti iliyonifanya nitoke na mkasi mkononi nikidhani kuna aliyebanwa na mlango.

Ila ujuzi wake mkubwa ulikuwa wizi wa mataulo. Na hapo, kwa kweli, wenye makosa walikuwa wenye miguu miwili.

Kuna fundi bomba mmoja, mteja wa kudumu hata kama hana nywele za kutosha, ambaye tunamwita Mtangazaji. Yeye hawezi kuona kitu kinatokea bila kukitangaza. Povu akichomoa taulo kwenye kiti, Mtangazaji anasimama juu ya benchi: "Povu na taulo! Anampita kinyozi, anampita mteja, anaingia chini ya kiti, hatari, hatariii!" Kaka naye mbio na brashi mkononi, mteja aliyepakwa povu nusu uso anapiga makofi, waliosubiri wananyanyua miguu kumpisha mkimbiaji. Wapita njia walikuwa wanasimama mlangoni kuangalia. Mwisho wa mchezo kaka alikuwa hoi, anahema, anacheka, na ili aachiwe taulo alimega mkate wake wa chai na kumpa mwizi. Fikiria mwenyewe. Unaiba taulo, unakimbizwa na jitu zima, unashangiliwa na watu wanane, halafu unalipwa mkate. Ningekuwa mimi, ningekuwa naiba mataulo mpaka leo.

"Kaka," nilimwambia, "huyu ameshakula mashuka yangu matatu."

"Ni mtoto, mdogo wangu. Atakua."

"Atakua awe jambazi."

Mwalimu mstaafu, ambaye huja kila siku kusoma gazeti la duka, alishauri Povu apelekwe mbele ya kojo lake agombezwe. Kaka akajaribu. Kojo lilikuwa la saa nzima iliyopita. Povu alilaza masikio, akafyata mkia, na sote tukasema anajua kosa lake. Dakika kumi baadaye akakojoa palepale.

Sasa njoo Jumamosi yenyewe. Baba alikuwa ameshanyolewa. Amesimama, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine unatafuta kofia. Kaka akalivua shuka, akarudi nyuma hatua moja: pah! Povu akafyatuka kutoka chini ya benchi. Kumbe siku zote hizo, shuka likikung'utwa, yeye alikuwa anaitwa mchezoni. Alilidaka, akaanza kulizungusha miguuni mwa baba, mzunguko wa kwanza, wa pili, mpaka mzee akawa amefungwa. Mkongojo ukaruka upande wake. Baba akaenda upande wa pili, na kama mwalimu asingekuwa pale kwenye benchi akanyoosha mikono na kumpokea mapajani, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine kabisa. Mtangazaji, Mungu amsamehe, alikuwa ameshafungua mdomo kutangaza.

Niliingia mbio. Baba hakuumia. Alitoka mapajani mwa mwalimu kwa heshima yote aliyoweza kuikusanya, akapewa mkongojo, akavaa kofia.

"Siku huyo atakapojua adabu," alimwambia kaka, "nitarudi kunyolewa."

Kaka alibaki ameokota shuka, analikunja na kulikunjua. Jioni ileile alikuja kwangu na beseni, brashi na wembe ili Jumamosi ijayo amnyolee baba nyumbani. Baba akamtazama. "Mimi hunyolewa kwenye kiti changu." Kaka akasema basi atamfungia Povu stoo. "Umfungie kwa sababu umeshindwa kumfundisha?" Kaka, machozi yakimlengalenga, akasema basi atamrudisha kwa dereva. Hapo baba alikasirika kweli. "Nani kasema umgawe mbwa wa watu? Nimesema afundishwe. Wewe si fundi? Fundisha."

Na ndivyo Mzee Wembe alivyoanza kufuga ndevu. Jumamosi ya kwanza ilipita bila kunyolewa. Ya pili pia. Mwenyewe hawezi, mikono haimruhusu, na kinyozi mwingine hatamgusa mpaka kiama. Ndevu zikatoka nyeupe, ngumu, kila unywele na njia yake. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa nazo mezani asubuhi, na kaka ndiye aliyekuwa anaziona zikipita dirishani mwake kila Jumamosi saa nne, kwenye matembezi ambayo baba alidai ni ya kunyoosha miguu. Mtu mzima mwenye mwili ule, alikuwa anaacha kazi anazitazama mpaka zinapotelea kona.

Nikawapeleka wote wawili, mbwa na mwenye mbwa, kwa daktari wa mifugo. Povu nilimbeba kwenye kikapu, kwa kisingizio cha chanjo, na kaka nilimburuta. Daktari ni mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyojaa alama za makucha. Alisikiliza kisa chote, tulipofika kwenye mapaja ya mwalimu akageuka dirishani kuficha kicheko.

"Akiiba taulo mnafanya nini?" aliuliza.

Kaka akaeleza. Makofi, mtangazaji, mkate, hakuficha kitu.

"Basi huyu hana tabia mbaya. Ana ajira, na mshahara mnampa nyinyi. Kwake yeye, kumtazama ni mshahara. Kumkimbiza ni mshahara. Hata kumfokea ni mshahara, bora tu umemjali."

"Na akimrukia mtu?"

"Mgeuzie mgongo. Kuwa nguzo. Usimguse, usimsemeshe. Akishusha miguu chini, hapo ndipo umsalimie. Aking'ata mkono, mchezo umekwisha, mpe kitu chake cha kutafuna, maana meno yanamwasha na lazima atafune kitu. Akiamka, akila, akicheza, mtoe nje akojoe, na akikojoa huko umsifu hukohuko. Lile kojo la ndani lifute unyamaze. Mlidhani anajua kosa? Alikuwa anasoma sura zenu tu, anaona mmekasirika, hajui kwa nini."

Halafu akauliza Povu analala saa ngapi mchana. Tukatazamana. Pale dukani, na redio, na mashine, na Mtangazaji, nani analala? Daktari akatikisa kichwa. Mtoto wa umri ule anatakiwa kulala sehemu kubwa ya siku, alisema, na asipolala anakuwa kama mtoto wa binadamu aliyekesha kwenye sherehe, anang'ata bila kujua anang'ata nini.

"Lile shuka je?" kaka akauliza. "Niache kulikung'uta?"

"Utaacha mpaka lini? Sauti ataisikia maisha yake yote. Ifanye imwambie kitu kingine. Ukikung'uta, kipande cha nyama kianguke mbali, kwenye zulia lake. Anza polepole, kwa sauti ndogo. Akienda zuliani, msifu palepale. Sifa isichelewe. Ukichelewa hata kidogo, hajui tena unamsifia nini."

Njiani kaka alitangulia, kikapu mkononi, Povu ametoa pua. Tulipokaribia mtaa wetu akaniambia, "Mdogo wangu, umesikia? Sifa isichelewe." Nikasema nimesikia. Nilijua hakuwa anafikiria mbwa.

Kazi ikaanza. Mtoto wa mbwa kumfundisha si kazi. Kazi ni kufundisha duka la kinyozi kunyamaza. Kaka aliandika kwenye kipande cha boksi, akakibandika kwenye kioo: AKIRUKA, GEUKA. AKIIBA, NYAMAZA. Siku ya kwanza Povu alipochomoa taulo, wanaume wazima sita waligeukia ukutani wakabana midomo. Mtangazaji alijishika mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, mabega yanacheza. Povu alisimama katikati ya sakafu na taulo lake, akamtazama huyu, akamtazama yule. Akalitikisa kuwakumbusha. Hakuna. Akalidondosha, akakaa chini, akapiga miayo. "Vizuri!" kaka akapasua sauti kama aliyeshinda bahati nasibu, na kipande cha nyama kikaanguka.

Mgeni mmoja aliyeingia siku hizo alikuta watu wote wamegeukia ukuta, mmoja na povu usoni, akainua mikono juu. Alidhani tunaibiwa.

Nyama ilikuwa maini. Wifi yangu, mke wa kaka, aliyachemsha, akayakata vipande vidogo kama punje za mahindi, akayakausha, na kaka akayatia kwenye kopo la poda lililoisha, liwe karibu na mkono. Mimi niliona mbele kutakuwa na jambo. Siku ya nne alimaliza kumnyoa mhasibu mmoja mtanashati sana, akachukua kopo, akamkung'utia shingoni maini. Mhasibu alishika kola akapata kipande, akakitazama, akauliza kama ni chake. Na Povu akamrukia, na sote tukageukia ukuta, na mhasibu akabaki peke yake na matatizo yake.

Mimi pia nina langu, na nilitubu. Nilitaka kumshonea Povu kitu chake cha kutafuna, nikasuka kamba nene nzuri ya mabaki ya kitambaa. Aliipenda sana. Wiki ikapita, na wizi wa mashuka ukaongezeka. Nilipompelekea daktari malalamiko, aliishika ile kamba, akaitazama, akanitazama. "Hiki kitambaa cheupe umekitoa wapi?" Nikameza mate. Ilikuwa vipande vya mashuka ya kinyozi. Nilikuwa namfundisha kula shuka kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa mshono mzuri. Nikasuka nyingine ya jinzi kukuu, na ile ya kwanza nikaitupa kabla wale wa upande wa pili hawajajua. Walijua. Ukuta ni wa mbao.

Shuka ndilo lililochukua muda. Kaka alianza kulitikisa taratibu, kipande kikaanguka kwenye zulia dogo jekundu kule kona ya redio. Fsss, kipande. Fsss, kipande. Wateja wote waliotoka siku hizo walitoka bila pah yao, na walilalamika kama watu walionyimwa chenji. Siku moja Povu alikuwa amekwenda zuliani mara saba mfululizo, Mtangazaji akashindwa, akapiga kelele "Goooli!" Povu akarudi mbio, akamdaka suruali, na tukapoteza siku nne. Mtangazaji alifungiwa nje ya duka kwa siku hizo nne. Alikuwa anakuja anasimama dirishani na kipara chake, anaangalia ndani kwa huzuni.

Nyumbani, baba alikuwa ameanza kuuliza.

"Yule mnyama vipi?"

"Nani, Povu?"

"Sijataja jina la mtu."

"Anaendelea vizuri. Hajakojoa ndani tangu Jumatatu."

"Sijauliza hayo." Akajikuna ndevu. "Tangu Jumatatu?"

Halafu wiki ya tano nilitoka kupokea vitambaa, niliporudi nikamkuta amekaa kwenye kiti changu cha cherehani, sikio kwenye ukuta wa mbao. Upande wa pili shuka likasema fsss. Baba akasonya. "Anakung'uta kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa," akaninong'oneza. Nikamwambia ndiyo namna ya kumfundisha mtoto, polepole, na akipatia anaambiwa palepale, isichelewe. Nilimweleza yote ya daktari. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Mwisho akauliza, "Na akikosea?" Nikasema akikosea hakuna anayesema kitu. Baba akabaki anaangalia sindano ya cherehani. "Kumbe mimi nilikuwa nafanya kinyume," akasema, akaondoka.

Jumamosi ya wiki ya sita, saa nne, nilisikia mkongojo nje. Haukupita. Uliingia kwa kinyozi.

Niliacha nguo ya watu chini ya sindano nikakimbilia mlangoni kwao. Povu alikuwa amemwona mgeni, anakwenda kwa kasi. Wanaume, kwa mazoea, wote wakageukia ukuta kwa pamoja. Baba akasimama mlangoni na ndevu zake, akiangalia migongo saba.

"Nimekuwa mkosi?" aliuliza.

Povu alifika mbele yake. Alinyanyua mguu mmoja wa mbele. Mwili mzima ulikuwa unatetemeka kwa hamu, mkia unafagia sakafu, na mimi nikajisogeza nyuma ya baba, maana yule mzee alikuwa na mkongojo mmoja tu wa kujishikilia. Povu akashusha mguu. Akakaa.

"Vizuri," kaka akasema. Akarusha kipande, akavuta kiti cha dirishani, na baba akakaa.

Kunyoa ndevu za wiki sita si mchezo. Zilianza kwa mkasi, zikaja mashine, ndipo taulo la moto, brashi, povu, wembe. Watu walishageuka, lakini hakuna aliyeongea, na mara ya kwanza tangu niijue ile redio nikasikia inachosema. Uso wa baba ulitoka kidogo kidogo. Kaka jasho lilikuwa linamtoka. Alipomaliza, akalivua shuka, akarudi nyuma hatua moja, akasimama nalo mikononi. Povu alikuwa chini ya benchi, palepale alipokuwa siku ile.

"Mbona unaliogopa?" baba akasema. "Kung'uta."

Pah!

Ile pah yenyewe, ya baba, ya miaka yote. Povu akafyatuka. Hatua ya kwanza ilielekea kwenye shuka, niliona kwa macho yangu, na mwalimu ameshanyoosha mikono. Halafu kichwa kikageuka, mwili ukafuata, na yule mtoto wa mbwa akakimbia kona ya redio, akajitupa kwenye zulia jekundu, akatutazama.

Kaka alikuwa mdomo wazi. Amesahau kopo, amesahau kila kitu.

"Husemi kitu?" baba akamuuliza. "Si mnasema isichelewe? Lete hilo kopo." Akatoa kipande kwa vidole vinavyotetemeka, akakirusha. Kilianguka mbali kidogo na zulia, Povu akanyoosha shingo akakifikia. "Vizuri," baba akamwambia. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Halafu akajiangalia kwenye kioo. Akapitisha kiganja shavu la kulia. Shavu la kushoto. Chini ya kidevu, taratibu, akitafuta. Hakuupata. Kaka alisimama wima akisubiri kimya chake, kama siku zote.

Baba akafungua kopo tena. Akatoa kipande kingine cha ini, akaushika mkono wa kaka, akakiweka kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Vizuri," alisema. "Nimechelewa."

Nilitegemea Mtangazaji atangaze. Hakutangaza. Kaka alikunja uso kama anayetaka kupiga chafya, na jitu lile likaanza kulia mbele ya kioo. Hapo nilimwona mwalimu akigeukia ukuta. Akafuata dereva, akafuata Mtangazaji, mpaka wote saba walikuwa wamempa mgongo, bila kuambiwa na mtu. Mimi sikugeuka. Mimi ni dada yake, nina haki ya kuona, na nililia kuliko yeye.

Povu ndiye aliyekatisha mambo. Aliinuka zuliani, akaja hadi mbele ya kaka, akakaa kwa adabu zake zote, macho kwenye ile ngumi iliyofungwa.

Kaka akafuta pua kwa shuka jipya nililoshona juzi, akaifunga ngumi zaidi.

"Hii siyo yako," alimwambia. "Hii ni yangu."